Kagua Hati Kabla Word Haijaifungua

Ofisa wa rasilimali watu hawezi kuutii ushauri unaorudiwa katika kila semina ya usalama wa kompyuta, kwamba asifungue faili la mtu asiyemjua. Kazi yake ndiyo hiyo: kufungua wasifu na barua za maombi za watu asiowahi kuwaona. Karani wa manunuzi anayepokea zabuni yuko vivyo hivyo, na kijana wa steshenari anayechapisha hati za wateja kutoka kwenye flashi zao hana hata nafasi ya kuuliza faili limetoka wapi.

Ushauri huo una kasoro nyingine, tena kubwa zaidi. Hati nyingi zilizoleta maafa zilifika kwa jina la mtu anayefahamika. Kirusi cha Melissa kilipoanza kusambaa Machi 26, 1999, kila aliyefungua hati yake alikuwa anakipa anwani 50 za mwanzo katika orodha yake ya Outlook, nacho kikajituma huko kwa jina lake. Waliopokea waliona barua ya rafiki au ya mfanyakazi mwenzao, wakafungua. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 80, na mtunzi wake, David L. Smith wa New Jersey, alihukumiwa mwaka 2002 kifungo cha miezi 20. Emotet, programu hasidi iliyoibuka mwaka 2014, iliboresha hila hiyo: iliiba mazungumzo halisi ya barua pepe kutoka kwenye kompyuta ilizokwisha kuziingia, kisha ikayajibu mazungumzo hayo ikiwa imeambatisha hati ya Word. Mpokeaji alikuta maneno yake mwenyewe ya wiki iliyopita chini ya barua hiyo. Nani angeshuku?

Kwa hiyo kumjua aliyetuma hakutoshi. La kuuliza ni faili lenyewe limebeba nini, na swali hilo lina jibu linaloweza kupatikana bila Word kuligusa faili hilo hata mara moja. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na sehemu yake kubwa haihitaji utaalamu.

Kwanza, ni vizuri kujua kinachotafutwa. Makro ni programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya hati, kwa kawaida katika lugha iitwayo VBA. Mhasibu huitumia kujaza ankara, ofisi ya mawakili huitumia kupanga mikataba ya aina moja. Lakini lugha hiyo hiyo inaweza kuiamuru Windows ipakue kitu kutoka kwenye intaneti na kukiendesha, na mwenye kompyuta akaendelea kusoma barua yake bila kuona chochote. Hatari hiyo si ngeni. Mwaka 1995 kirusi cha Concept kiliionyesha dunia kwamba hati ya Word inaweza kuambukiza nyingine. Hakikuharibu kitu, kilitokeza tu kisanduku kidogo chenye namba 1. Miaka 20 baadaye, Desemba 23, 2015, wateja wapatao 225,000 wa umeme nchini Ukraine walikaa gizani kwa saa kadhaa baada ya wadukuzi kuvamia kampuni za usambazaji. Miezi kadhaa kabla ya hapo, wafanyakazi wa kampuni hizo walikuwa wametumiwa hati za Office zenye makro. Hata Afrika Mashariki haiko mbali na habari hizi: Mei 2023 shirika la Reuters liliripoti kwamba uvamizi wa mitandao ya serikali ya Kenya ulianza mwishoni mwa 2019, pale mtumishi mmoja alipopakua hati yenye maambukizi bila kujua. Reuters iliwataja wadukuzi wa China. Serikali ya China ilikanusha.

Ukaguzi huanza na jina la faili. Windows huficha herufi za mwisho wa jina isipokuwa ukiiambia izionyeshe, na faili liitwalo Wasifu.docx.exe litaonekana kama Wasifu.docx. Katika dirisha la mafaili la Windows 11, nenda View, kisha Show, halafu weka alama kwenye File name extensions. Fanya hivyo leo katika kila kompyuta ya ofisi. Ni mpangilio wa mara moja.

Herufi hizo zikishaonekana zinaeleza mengi. Faili la .docx, muundo uliokuja na Office 2007, haliruhusiwi kubeba makro. La .docm limeundwa hasa ili kuzibeba, na ukilipokea kutoka nje ya ofisi bila kuliomba, una kila sababu ya kusita. La .doc ni muundo wa zamani ambao unaweza kuwa na makro au usiwe nazo, na jina halitakusaidia kujua. Hapo ndipo wahalifu wanapopenda kujificha.

Hata hivyo jina hubadilishwa na yeyote, na Word yenyewe hailitegemei sana: faili la RTF, muundo mwingine wa hati, likiitwa .doc litafunguka bila manung'uniko. Ukweli umo katika herufi za kwanza za faili. Lifungue kwa Notepad, ambayo haiwezi kuendesha makro yoyote. Likianza na PK, ni la kizazi cha .docx. Likianza na {\rtf, ni RTF, liitwe litakavyoitwa. Muundo wa zamani wa .doc huanza na alama zisizosomeka, ambazo kwa mtu mwenye programu ya kuonyesha baiti ni D0 CF 11 E0. Faili liitwalo .doc ambalo ndani ni RTF linastahili shaka, kwa sababu mtu wa kawaida akihifadhi barua yake Word haimfanyii hivyo.

Faili la .docx ndilo rahisi kuliko yote kulipekua, maana kiini chake ni faili la zip. Tengeneza nakala yake, badilisha .docx ya nakala iwe .zip, kisha ifungue kama zip nyingine yoyote. Ndani utakuta folda ya word, na humo maneno ya hati yamo katika document.xml, picha zimo katika folda ya media. Ukikuta faili liitwalo vbaProject.bin, hati ina makro. Mjanja anaweza kulipa jina jingine, hivyo kutolikuta si hakikisho kamili, lakini wengi hawajisumbui. Tazama pia kama kuna folda ya embeddings. Mara nyingi humo huwa na jedwali la Excel lililopachikwa kwenye ripoti, jambo la kawaida. Ila katika wasifu wa mtu anayeomba kazi ya udereva, kitu kilichopachikwa humo kinahitaji maelezo.

Kisha fika mahali ambapo wengi hawafiki: folda ndogo ya _rels iliyo ndani ya word. Mafaili yake hutaja kila kitu ambacho hati imeunganishwa nacho. Yafungue kwa Notepad na utafute neno External. Neno hilo lina maana kwamba kitu hicho kiko nje ya faili, na Word huenda ikatoka kwenda kukichukua. Usishtuke ukilikuta kwenye mstari wenye neno hyperlink, kwani hicho ni kiungo cha kawaida kinachosubiri kubofywa. Mstari wa kuutilia shaka ni ule wenye attachedTemplate, oleObject au frame pamoja na anwani ya tovuti. Wa kwanza unaiambia Word ikachukue kiolezo kutoka kwenye seva ya mtu mwingine, na kiolezo hicho kinaweza kuja na makro ambazo hati yenyewe haikuwa nazo. Ndiyo njia ya kuifanya .docx safi iwe mlango.

Kiungo cha nje cha namna hii, cha oleObject, ndicho kilichotumika katika tukio la Follina. Mei 27, 2022, kikundi cha watafiti wa Japani kiitwacho nao_sec kilitangaza hati ya ajabu iliyokuwa imepakiwa VirusTotal, tovuti ya kupima mafaili, kutoka Belarusi. Haikuwa na makro hata moja. Ndani ya document.xml.rels palikuwa na anwani ya nje iliyoundwa ifanane na zile anwani za schemas.openxmlformats.org zinazojaa katika kila faili la Word, ambazo ni majina tu na Word haiendi popote kwa ajili yake. Anayepitisha macho haraka angeruka mstari huo. Word ilipoufuata, ukurasa wa upande wa pili ulikiita chombo cha Windows cha kutafuta hitilafu na kukifanya kiendeshe amri za mshambuliaji. Hati kama hiyo ikiwa katika muundo wa RTF, hata kuitazama tu katika kidirisha cha hakikisho kulitosha kuiamsha. Microsoft ilitoa rekebisho Juni 14, 2022. Kompyuta ambayo haijapokea masasisho tangu kabla ya hapo ingali wazi kwa hila hiyo, na kompyuta za namna hiyo ni nyingi katika ofisi zinazoogopa kutumia bando kwa masasisho.

Kwa .doc ya zamani, Notepad haitakufikisha mbali. Hapo inafaa kutumia oletools, mkusanyo wa bure wa programu ndogo ulioandikwa na Mfaransa Philippe Lagadec. Unahitaji Python kwenye kompyuta, kisha amri moja: pip install -U oletools. Jambo la thamani ni kwamba programu hizi huzisoma baiti za faili bila kuliendesha, na zinafanya kazi Windows, Mac na Linux. Anayekagua hati za hatari kila siku afadhali afanye hivyo kwenye Linux isiyo na Word kabisa, ili kubofya kwa bahati mbaya kusiwe na madhara.

Tuseme barua imeleta faili liitwalo Proforma.doc. Anza na oleid Proforma.doc. Itatoa jedwali fupi: ni muundo gani, limefungwa kwa nenosiri au la, lina makro za VBA au la, lina viungo vya nje vingapi. Ikisema makro zipo, endelea na olevba Proforma.doc. Sasa kioo kitajaa msimbo wote wa makro, na chini yake jedwali. Usijilazimishe kusoma msimbo, soma jedwali. Safu ya kwanza ikiandika AutoExec, kuna kitu kinachojiendesha chenyewe hati inapofunguliwa, na kwa Word majina yake huwa AutoOpen au Document_Open. Ikiandika Suspicious, imeona maneno kama Shell, CreateObject au URLDownloadToFile, ambayo huendesha programu nyingine au kupakua vitu. Ikiandika IOC, imetoa anwani za tovuti au majina ya mafaili yaliyofichwa humo.

Dalili moja peke yake si ushahidi. Makro halali ya ofisi inaweza kuwa na AutoOpen ili kupanga tarehe. Kinachotia hatiani ni mchanganyiko: inajiendesha yenyewe, inaita programu ya nje, na inaficha maneno. Huko kuficha ndiko kunakosaliti zaidi kuliko yote. Mtu anayeandika makro ya kupanga ankara hana haja ya kulikata neno powershell liwe "pow" & "ersh" & "ell", au kuliandika kinyume na kuliamuru ligeuzwe, au kuligeuza kuwa mlolongo wa namba. Hufanya hivyo anayejua kwamba kuna antivirasi inayolitafuta neno hilo. Ukiona hata mstari mmoja wa namna hiyo kwenye hati iliyotoka nje, uamuzi umeshafanyika: faili halifunguliwi.

Asiye na muda wa kusoma jedwali ana mraptor, programu nyingine katika mkusanyo huo huo. Yenyewe hutafuta mambo mawili tu: je, makro inajiendesha, na je, inaandika faili au kuendesha kitu? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, inatangaza kwamba hati inashukiwa. Wenye kiu ya kuzama zaidi hutumia oledump ya Mbelgiji Didier Stevens, inayoorodhesha vipande vyote vya hati na kuweka herufi M kubwa kando ya kila kipande chenye msimbo wa makro.

RTF ina historia yake. Haibebi makro za VBA, lakini hubeba vitu vilivyopachikwa, na hapo palikuwa na jeraha la muda mrefu. Kihariri cha zamani cha milinganyo ya hesabu, EQNEDT32.EXE, kilitengenezwa mwaka 2000 na kikaendelea kusafirishwa na Office miaka na miaka. Mwaka 2017 ikagundulika kwamba hati iliyoandaliwa kwa makusudi ilitosha kukifanya kiendeshe amri yoyote, bila makro na bila swali lolote kwa msomaji. Microsoft ilikirekebisha Novemba 2017 na Januari 2018 ikakiondoa kabisa. Wahalifu bado hutuma hati za kukitafuta kwa sababu wanajua nakala za Office za zamani, nyingi zisizo na leseni na zisizopokea masasisho, zingali kazini. Amri ya kutumia hapa ni rtfobj. Ikikuonyesha kitu cha aina ya Equation.3 ndani ya barua isiyo na hesabu yoyote, umeshapata jibu.

Vipi kuhusu ule ukanda wa njano unaotokea juu ya hati? Huo ni ulinzi wa kweli, na ndiyo maana wahalifu hutumia nguvu nyingi kumshawishi msomaji auondoe. Hati za Emotet zilifunguka na picha kubwa inayofanana na ujumbe wa Microsoft, ikidai kwamba hati imeandikwa kwenye simu ya iOS, au katika toleo la zamani, au kwamba imelindwa, na ili kuisoma lazima kubofya Enable Editing kisha Enable Content. Shika hili moja hata ukisahau mengine yote: Word haihitaji makro ili kuonyesha maandishi. Hati inayosema maneno yake hayawezi kuonekana mpaka ubofye Enable Content inasema uongo, na uongo huo peke yake ni ushahidi wa kutosha. Mahakama ya juu ya Berlin, Kammergericht, ilipoingiliwa na Emotet Septemba 2019, ililazimika kuzitenga kompyuta zake na mtandao, na kazi ikayumba kwa miezi. Europol ilitangaza kuuvunja mtandao wa Emotet Januari 2021. Kufikia Novemba mwaka huo ulikuwa umerudi.

Tangu 2022 Microsoft imekwenda mbali zaidi: makro katika hati iliyotoka kwenye intaneti huzuiwa kabisa, na kitufe cha kuziruhusu hakionekani. Word hujua asili ya faili kwa alama ambayo Windows huibandika linapopakuliwa. Lakini alama hiyo hukaa katika mfumo wa diski wa NTFS. Flashi nyingi hutumia FAT32 au exFAT, na faili likishanakiliwa huko alama hupotea. Hati iliyopakuliwa kwenye kompyuta moja, ikawekwa kwenye flashi, ikapelekwa kuchapishwa kwenye nyingine, inaonekana kwa Word kama hati ya nyumbani. Hivi ndivyo hati zinavyosafiri kila siku Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, kwa hiyo kinga hiyo nzuri haiwafikii sana wenye steshenari. Wao wanapaswa kwenda File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Macro Settings, na kuchagua kuzima makro zote bila taarifa. Kuchapisha barua hakuhitaji makro, na mteja hatapoteza chochote.

Asiyeweza kuweka oletools ana njia nyingine. Word ya simu, ya Android au iPhone, haiendeshi makro za VBA. Google Docs pia haziendeshi, hivyo hati inaweza kusomwa ndani ya Drive bila kuipakua. Dangerzone, programu ya bure inayotunzwa na Freedom of the Press Foundation na kupendwa na waandishi wa habari, huigeuza hati kuwa picha na kisha PDF, na chochote kilichokuwa hai ndani yake hubaki nyuma. Lakini kumbuka: kuisoma salama kwenye simu hakuisafishi. Ukimtumia mwenzako mwenye kompyuta faili lile lile, umempelekea hatari.

VirusTotal nayo hulipima faili kwa antivirasi nyingi kwa mpigo, ila hapa pana tahadhari kubwa. Faili linalopakiwa huko linaweza kupakuliwa na wateja wanaolipia huduma hiyo. Usiwapelekee mkataba, taarifa za mgonjwa au wasifu wa mtu. Badala yake tafuta alama ya SHA-256 ya faili: kwenye Windows andika certutil -hashfile Proforma.doc SHA256, nakili mstari utakaotoka, na uutafute kwenye tovuti hiyo. Ikionekana inajulikana kuwa mbaya, basi. Isipoonekana, usihitimishe kwamba ni safi; wahalifu huibadilisha hati kidogo kwa kila mpokeaji ili alama isifanane.

Tahadhari ya mwisho ni hati iliyofungwa kwa nenosiri huku nenosiri lenyewe likiwa limeandikwa ndani ya barua ile ile. Nenosiri la namna hiyo halilindi siri yoyote. Linaizuia antivirasi ya seva ya barua isione ndani. Mpigie simu aliyetuma, kwa namba unayoijua tayari na siyo iliyo kwenye barua, umuulize.

Na kama umeshabofya? Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi mara moja, lakini usiizime kompyuta, kwa kuwa ushahidi mwingine umo katika kumbukumbu yake na hupotea inapozimwa. Badilisha maneno ya siri ya barua pepe na benki kutoka kwenye kifaa kingine. Mwambie fundi wa ofisi dakika hiyo hiyo, hata kama unaogopa kufokewa, maana saa chache za kunyamaza ndizo zinazowapa wavamizi nafasi ya kutoka kwenye kompyuta moja na kuingia nyingine. Wakuu wa idara nao wasimwadhibu anayesema mapema. Tanzania kuna TZ-CERT chini ya TCRA, na Kenya kuna KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Zote hupokea taarifa za matukio ya aina hii. Faili lenyewe usilifute: ndilo kitu cha kwanza watakachokuomba.